Ndiyo ya Fundi Bomba

Vichwa mimi ninavijua kwa nje. Kwa ndani sijawahi kudai. Nilikuwa kinyozi uraiani na nimeendelea kuwa kinyozi gerezani, na kama kuna mtu anadhani kumnyoa mfungwa ni kazi ya kitoto, aje ashike mashine yenye meno yaliyovunjika, amnyoe mtu ambaye mwili wake bado unatetemeka kwa kukosa pombe, halafu anieleze. Nimeona makovu ya chupa, ya rungu na ya kuangukia mtaroni. Na mwenye kichwa akishakaa kwenye kiti changu huanza kusimulia, hata kama sijamuuliza.

Huyu ninayetaka kumwelezea alikaa kwenye kiti hicho asubuhi aliyoletwa bwenini kwetu, akaniambia, "Kaka, upande wa kushoto nyoa polepole. Huko ndiko anakokaa."

"Nani anakaa?"

"We nyoa tu."

Nikanyoa. Gerezani mtu akikwambia neno kama hilo, ama unacheka ama unanyamaza, na jamaa alikuwa na mikono minene iliyozoea kufungua mabomba yaliyoshika kutu. Nikaona heri ninyamaze.

Tulimwita Fundi Bomba, kwa sababu ndiyo kazi yake. Bweni letu lilikuwa la tiba. Wafungwa ambao pombe, bangi au unga ndivyo vilivyowaponza walitengwa na wenzao, wakawekwa kwenye jengo lililopakwa chokaa upya. Asubuhi masomo, mchana kazi, jioni kikao ambapo kila mtu anasimama na kusema jinsi alivyoharibu maisha yake. Nami nilisimama, nikasema jinsi nilivyokuwa nikinyoa nikiwa nimevaa miwani ya pombe, mpaka siku nilipomkata mteja sikio, na mteja mwenyewe, kwa bahati yangu mbaya, akawa shemeji wa askari. Ukimaliza vizuri, jina lako linapelekwa mbele na kifungo kinapunguzwa. Kwa hiyo kila mtu alitaka kumaliza vizuri.

Msimamizi wa bweni alikuwa afande mrefu, mkavu, tuliyempa jina la Bwana Mstari. Kwake hakuna jambo lisilofanywa kwa mstari. Kula mstari, kuoga mstari, kuomba dua mstari. Watu walisema hata nyumbani kwake watoto wanamwamkia kwa mstari. Mimi sijui, sijafika kwake.

Sasa, Fundi alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Ninasema hivyo kwa makusudi, maana baadaye walitaka kumfanya kama jini. Ufundi alifundishwa na mjomba wake. Alikuwa akiishi kwa dada yake mkubwa, chumba cha uani, vifaa vyake amevipanga ukutani kwa ukubwa, spana na spana yake. Alipenda chai ya moto kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa na utani wa taratibu, anakutania saa hii unacheka baadaye. Mitaa mizima ilimjua kwa kugundua mvujo usioonekana, ule wa maji yanayopotelea ndani ya ukuta.

Alinieleza anavyoutafuta. Unafunga koki zote za nyumba, jikoni mpaka bafuni. Halafu unatoka nje unaitazama mita. Ikitulia, nyumba ni nzima. Ikiendelea kuzunguka na koki zote zimefungwa, basi kuna mahali maji yanatoka, hata kama huoni tone, na hapo ndipo unapoanza kusikiliza ukuta.

"Sasa siku moja," akaniambia, "nilikuwa kijana, nafunga mabomba kwenye shule mpya. Nikasikia mtu ananiita jina langu kutoka ndani ya bomba. Nikafunga koki zote. Nikaenda kwenye mita, imetulia tuli. Nikarudi, bado ananiita. Hapo nikajua kwamba si bomba."

"Ukamwambia nani?"

"Ningemwambia nani, kaka? Mjomba alikuwa juu ya ngazi anadai nimpe gundi."

Hakumwambia mtu. Ila siku ya harusi ya rafiki yake alikunywa, akagundua kwamba yule mwitaji akimwagiwa pombe anapunguza sauti, na akizidi kumwagiwa analala. Basi akawa anamlaza. Watu waliona chupa tu. Walisema fundi mzuri, kaharibiwa na pombe. Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Mara ya kwanza alifungwa kwa ugomvi wa baa. Akaletwa kwenye bweni hili hili. Akaacha pombe, akahudhuria masomo yote, akamaliza vizuri, Bwana Mstari akampa mkono. Akarudi kwa dada yake akiwa mkavu kama biskuti. Na yule mwitaji akaamka, tena kwa nguvu, maana sasa hapakuwa na cha kumlaza. Fundi alivumilia mpaka akashindwa, akarudi kwenye chupa. Halafu siku moja kwenye nyumba ya mteja, katikati ya kazi, alibomoa ukuta wa bafu, akabomoa na wa jikoni, akimtafuta anayemwita. Mwenye nyumba aliporudi alikuta sebule imejaa maji na fundi wake amelaza sikio kwenye bomba, anajibu, "Nakuja, nakuja."

Hakimu aliuliza kama alikuwa amelewa. Akasema ndiyo. Hakimu hakuuliza lingine.

"Na wewe kwa nini hukusema?" nikamuuliza, maana nilishapandwa na hasira kwa niaba yake.

"Hakuna aliyeuliza," akasema.

Basi siku ya kuulizwa ikafika, na hapo ndipo penye kisa chenyewe. Lakini kwanza nikueleze kitu kuhusu neno hapana.

Kila asubuhi tulisimama uwanjani, Bwana Mstari akapita mbele na kuuliza, "Kuna mgonjwa?" Tunajibu kwa pamoja, "Hapana, afande." "Kuna mwenye shida?" "Hapana, afande." "Kuna mwenye kitu kisichoruhusiwa?" "Hapana, afande." Sababu ilikuwa rahisi. Mmoja akisema ndiyo, mstari mzima unabaki juani mpaka jambo lake lichunguzwe na vitanda vyote vipekuliwe. Mtu anaharisha, anasema hapana. Mtu ana jino limevimba uso umekwenda upande, anasema hapana. Ilishakuwa kama kupumua. Ungeweza kutuamsha usingizini ukatuuliza lolote, tungejibu hapana, afande, tukageukia upande wa pili.

Ndipo akaja Sista. Mama wa makamo, mfupi, viatu vya raba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watoto wanaoogopa sindano. Ametoka hospitali, ameleta maswali yake. Alitueleza kwa lugha nyepesi kwamba watu wengi wanaotibiwa ulevi na unga wana ugonjwa mwingine wa akili chini yake, na usipoulizwa hautibiwi, na usipotibiwa, ule ulevi wa juu nao unarudi. Nikamwangalia Fundi. Alikuwa amekaza macho kwa yule mama kama mtu aliyeona mita inazunguka.

Sista alitaka chumba. Bwana Mstari akasema chumba hakuna, mstari upo. Tukapangwa uwanjani, pale pale pa kila asubuhi, na yeye akasimama pembeni mikono nyuma.

Sista akauliza, "Kuna anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

"Hapana, afande."

"Mimi si afande," akasema Sista. "Kuna anayehisi kwamba watu wanamchunguza muda wote?"

"Hapana, afande."

Askari yuko juu ya mnara na bunduki anatutazama, nasi tunasema hakuna anayetuchunguza. Niliuma shavu nisicheke.

"Kuna aliyewahi kufikiria kujiua?"

"Hapana, afande."

"Je, mnalala vizuri?"

"Hapana, afande."

Bwana Mstari akakohoa. "Wanamaanisha ndiyo," akasema. Akatugeukia. "Mnamaanisha nini?"

"Ndiyo, afande."

Sista alikunja karatasi yake akaitia mkobani. Hakukasirika kwa kelele, ila midomo ilimkaza. Alisema atarudi, na akirudi atataka chumba chenye mlango, na mtu mmoja mmoja. Bwana Mstari akasema tutaona. Usiku huo Fundi aligeuka na kugeuka kitandani. Najua kwa sababu kitanda chetu ni cha juu na chini, na mimi usingizi tulishaachana zamani, hatudaiani.

Asubuhi yake habari zikazagaa: atakayesema ana tatizo la kichwa anahamishiwa Upande wa Pili. Upande wa Pili ni jengo la nyuma ya jiko. Huko hakuna masomo, hakuna kazi, hakuna kushika kifaa chochote cha chuma. Jina lako linatolewa kwenye orodha ya tiba ya ulevi, maana utaratibu ulisema walevi ni walevi na wagonjwa wa akili ni wagonjwa wa akili, na hakuna mtu anayekuwa vyote viwili. Unakaa mpaka daktari athibitishe kwamba umepona. Na daktari mwenyewe walikuwa wanamsubiri tangu mimi sijaingia.

Siku ya wageni dada yake akaja. Mimi siku hizo nilikuwa nafagia ukumbi, kwa kuwa sina mgeni, kwa hiyo niliwasikia. Dada alikuwa mama wa watu, mpole, ameleta chai kwenye chupa. Fundi alimweleza atakachomwambia Sista akirudi. Yule mama akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, nakuomba kwa jina la marehemu mama. Usiseme."

"Dada, nikinyamaza itakuwa yale yale."

"Nani atamfungulia chizi mlango wa bafu lake? Hebu niambie. Mlevi akiacha pombe watu wanampongeza. Chizi hata apone, watamwita chizi mpaka siku ya kuzikwa. Utakula nini? Bomba gani utalishika?"

"Mara ya kwanza nilinyamaza. Nikarudi kwako. Si wewe uliyeamka ukanikuta nimelaza sikio kwenye sinki?"

Dada alijifuta macho kwa mtandio, akammiminia chai nyingine, akamwambia anywe ingali moto.

Nami nilimpa ushauri wangu, akiwa kwenye kiti changu na hawezi kukimbia. "Ndugu yangu, kuwa na akili. Maliza masomo, utoke, huko nje kamwone daktari kwa amani yako."

"Huko nje," akasema, "kati ya daktari na baa, kipi kiko karibu na kwetu?"

"Wee, una kichwa kigumu."

"Kigumu, lakini ni kimoja. Wanataka kukigawa. Nusu ya mlevi ibaki hapa, nusu ya mgonjwa iende nyuma ya jiko. Mimi sigawanyiki, kaka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeficha vya kutosha."

Nilimwambia basi liwalo na liwe, ila asinitaje. Akacheka.

Sista aliporudi, chumba hakikuwapo. Tulipangwa mstari. Kabla hajafika, Bwana Mstari alipita mbele yetu akatuambia tujibu kama tunavyojibu siku zote. Sista alipoona mstari alisimama getini muda mrefu, akashauriana na Bwana Mstari kwa sauti ya chini, kisha akaja mbele akiwa amekunja uso. Nadhani aliona heri aulize hivyo kuliko kuondoka mikono mitupu.

"Kuna anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

"Hapana, afande."

Na baada yetu, sauti moja peke yake, kwa utulivu, kama mtu anayejibu hodi: "Ndiyo."

Bwana Mstari aligeuza shingo. "Nani huyo?"

Fundi akatoka mstarini. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mstarini bila kuitwa. "Ni mimi, afande. Fundi Bomba. Nasikia. Nimesikia tangu ujana, na pombe nilikuwa nainywa kwa ajili hiyo. Nataka nitibiwe vyote viwili, na nataka nitibiwe hapa hapa bwenini. Siendi nyuma ya jiko."

"Rudi kwenye mstari."

"Nikirudi itabidi niseme hapana, afande. Na nimeshasema ndiyo."

Tulisimama juani. Vitanda vikapekuliwa, magodoro yakatupwa nje, na watu wakamtukana Fundi kwa kila tusi lililowahi kutungwa. Hata mimi, utosi ukiniwaka, nilimtukana moja la wastani. Yeye alisimama pale mbele, mikono imening'inia, jasho linamtiririka, na hakurudi nyuma hatua moja. Sista alitaka kuzungumza naye. Bwana Mstari akasema utaratibu. Sista akauliza utaratibu huo nani kaupanga. Bwana Mstari akasema upo tu. Wakampeleka Upande wa Pili, na Sista akaondoka akiapa kwamba atafika mpaka kwa mkuu wa gereza.

Mimi kila wiki nilikuwa nakwenda kunyoa Upande wa Pili, ndiyo maana naweza kukueleza. Chumba kimoja kirefu, dirisha juu, wanaume wamekaa ukutani kama mizigo inayosubiri gari. Chakula kinapitishwa dirishani. Mtu akilia, analia. Mtu akicheka, anacheka. Nilimkuta Fundi amekonda, macho mekundu, yule mwitaji amempania. Hakuwa na pombe ya kumlaza na hakuwa na dawa.

"Huku wanauliza swali moja tu," akaniambia huku nikimnyoa upande wa kushoto, polepole. "Umetulia? Ukisema ndiyo, wanasema bado. Ukisema hapana, wanasema si unaona."

Nikamweleza kwamba dada yake alikuja akarudishwa getini. Akafumba macho. Nilitamani kumpiga mtu, ila mtu mwenyewe alikuwa na bunduki.

Siku nyingine Bwana Mstari mwenyewe aliingia nikiwa humo. Nadhani roho ilikuwa inamsuta, maana alizungumza kwa upole. "Fundi, sema ulikuwa unatania. Basi. Nakurudisha bwenini leo hii, unamaliza masomo, unakwenda zako."

Fundi alikuwa anatetemeka. Nilikishika kichwa chake kwa mikono miwili ili nisimkate, na nikamwomba Mungu kimyamoyo amtie akili, aseme alikuwa anatania, yaishe.

"Kurudi nataka, afande," akasema. "Lakini nirudi na ndiyo yangu."

Bwana Mstari akaondoka. Nikamwambia Fundi kwamba ni mpumbavu. Akaniambia nimalize kunyoa.

Ikapita muda. Halafu bomba kuu likapasuka chini ya bafu la bweni letu. Maji yalitoka kwa hasira, yakapita ukumbini, yakaingia ofisi ya Bwana Mstari na kuogelesha viatu vyake vya akiba. Fundi wa mjini aliitwa, akasema kesho. Mimi nilikuwa Upande wa Pili na mashine yangu mlango ulipofunguliwa. Bwana Mstari akasimama pale, suruali imelowa mpaka magotini, mkononi ameshika mfuko wa spana.

"Fundi. Njoo haraka. Bomba kuu."

Fundi hakuinuka. "Hapa hakuna fundi, afande. Kuna wagonjwa wa akili."

"Acha utani."

"Siku ile nilitakiwa niseme natania. Leo nimeambiwa niache." Akajiegemeza ukutani. "Wagonjwa wa akili hawashiki chuma. Ni utaratibu."

"Maji yako ofisini."

"Basi chagua. Kama mimi ni mzima wa kushika spana, ni mzima wa kukaa darasani. Kama darasani sifai, spana hizo rudi nazo. Mikono yangu na makalio yangu ni vya mtu mmoja, afande. Haiwezekani mkono uwe fundi na kalio liwe chizi."

Mzee mmoja pale ukutani, ambaye sikuwahi kumsikia akitoa neno, alicheka mpaka akakohoa. Wengine wakadakia. Bwana Mstari alitazama spana, akatazama suruali yake. Kwa mbali tulisikia kitu kikubwa kikielea na kugonga mlango.

"Utarudi bwenini," akasema.

"Na Sista aje. Na chumba chenye mlango, kwa kila mtu. Na hawa wa huku nao."

"Chumba hakuna, nimeshasema."

"Kuna stoo ya magodoro. Nikimaliza bomba nitaisafisha mwenyewe."

"Na mimi nitafagia," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Bwana Mstari akampa mfuko. Tukamfuata, mimi na mashine yangu mkononi. Fundi alitumbukia kwenye yale maji, akaifunga koki kuu, kisha akasimama ameinamisha kichwa, hafanyi lolote.

"Unasikiliza nini sasa?" Bwana Mstari akauliza.

"Nasikiliza kipi ni cha bomba na kipi ni changu," Fundi akasema. Halafu akapiga magoti akaanza kazi.

Sista alikuja, safari hii na barua ya mkuu wa gereza, na stoo ya magodoro ikapata meza, viti na mlango uliofungwa askari akiwa mbali. Fundi aliingia wa kwanza, akakaa humo mpaka chai ikapoa. Dawa za mwanzo zilimfanya asinzie na kudondosha mate kwenye daftari, tukamcheka. Zikabadilishwa. Taratibu akaanza kunenepa. "Hajahama," aliniambia kuhusu yule mwitaji, "ila sasa anaongea kama jirani wa nyumba ya nne. Namsikia, simwelewi, naendelea na kazi." Na watu wengine wakaingia stoo, mmoja mmoja, kila Sista alipokuja. Mababe waliokuwa wanapiga watu kwa ajili ya sabuni walitoka humo wamevimba macho, na hakuna aliyethubutu kuwatania. Wale wa nyuma ya jiko nao waliulizwa, na wanne kati yao wakahamia bwenini.

Mimi pia niliingia. Nikamchekesha Sista mwanzo mpaka mwisho, nikajibu hapana, hapana, hapana. Nilipotoka Fundi aliniuliza, "Amekuuliza habari za usingizi?"

"Kaniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nalala kama gogo."

Aliguna. Kitanda chake kiko juu yangu.

Mstari wa asubuhi haukufutwa, Bwana Mstari ni Bwana Mstari. Aliuliza kama siku zote, "Kuna mgonjwa?" Tukajibu hapana, afande. Na baada yetu, kila asubuhi iliyoletwa na Mungu, ile sauti moja: "Ndiyo, afande. Mimi. Dawa nimekunywa." Siku za kwanza alituacha juani tena, kutukomoa. Fundi akaendelea. Mwisho Bwana Mstari akachoka kabla yake. Akawa anauliza, anasubiri hapana yetu, anasubiri ndiyo ya Fundi, anatikisa kichwa, tunakwenda kunywa uji.

Fundi akamaliza, akatoka. Dada yake alikuja kuniona mimi, mgeni wangu wa kwanza, akaniletea chai. Alisema mdogo wake amerudi kazini, na ana wazimu mpya. Akifika mlangoni kwa mteja, kabla hajaweka mfuko chini, anasema, "Mimi ni fundi bomba, nina ugonjwa wa akili, natumia dawa, na sinywi. Unifungulie au usinifungulie." Wapo wanaofunga mlango. Mwenye ile nyumba aliyoibomoa alimtukana mbele ya mtaa mzima, akawaita na majirani wasikie, kisha akamwonyesha koki ya jikoni iliyokuwa inadondosha. Dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, nami nikajifanya nafagia.

Asubuhi iliyofuata tulisimama kama kawaida. "Kuna mgonjwa?"

"Hapana, afande."

Bwana Mstari hakuendelea. Alibaki amesimama, kichwa ameinamisha kidogo, anasubiri. Nadhani alikuwa bado hajazoea kwamba mwenye ile ndiyo ameshakwenda zake. Pengo la Fundi lilikuwa bado pale pale, ubavuni kwangu.

Mke wangu alikufa mimi nikiwa ndani. Nililetewa habari kwenye mstari, na nilipoulizwa kama kuna mwenye shida nilijibu hapana, afande, pamoja na wengine. Sikumzika. Tangu siku hiyo nikifumba macho namwona ananingoja mlangoni na sanduku la safari, kwa hiyo sifumbi. Nanyoa watu, nachekesha watu, na usiku nahesabu mbao za kitanda cha juu, na mara nyingine, Mungu anisamehe, nautazama wembe wangu wa ndevu kwa namna isiyo ya kinyozi.

"Ndiyo, afande," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, ikabidi nirudie. "Ndiyo. Mimi, Kinyozi. Silali."

Watu waligeuka. Mmoja nyuma yangu akaguna kwa ajili ya jua. Bwana Mstari akaelekeza kidole kwenye stoo ya magodoro.

"Sista ameshafika," akasema.

Nikatoka kwenye mstari.